Joto la Kiti cha Nyuma

Nina miaka thelathini na tatu, na tangu mwezi uliopita mimi ni mstaafu. Najua neno hilo halinikai. Mwenzetu mmoja aliposikia aliniuliza kama mvi zangu zinaota kwa ndani. Lakini daktari amesema figo zimechoshwa na jua, nikae mahali penye kivuli na maji, na nyinyi mliobaki karakana mnajua kwamba kazi yetu haina kivuli, na maji yenyewe tunayanywa kwa kukumbushwa. Basi nimerudi Tanga. Ninatengeneza mafriji, na kila nikimaliza friji moja naandika ukurasa mmoja wa haya mliyoniomba.

Mlitaka niwaandikie namna ya kufanya kazi ile vizuri. Nimejaribu mara sita. Kila nikiandika orodha naona nimesahau jambo, naichana, naanza upya kwa mwandiko mzuri zaidi. Ndivyo nilivyo, na wengi wenu mmenicheka kwa hilo usoni kwangu, jambo ambalo nawashukuru, maana wengine hucheka mgongoni. Orodha nimeiacha. Nitawasimulia gari la kwanza nililofanyia kazi, gari dogo la familia kutoka Ulaya, na jinsi nilivyokaribia kuliharibu. Vyeo na mishahara navipita. Waliopanda vyeo wanajijua.

Sikusoma ufundi darasani. Hili niliwaficha miaka yote. Nilijifunza kwenye kibanda cha mafriji Ngamiani, hapa Tanga, kwa kitabu cha mafundi kilichokosa ukurasa wa arobaini hadi wa hamsini na saba. Mpaka leo, fundi mwenzangu akisema jambo la kompresa nisilolijua, moyoni nasema: hilo lilikuwa kwenye zile kurasa. Hofu hiyo ilinifanya nipime kila kitu mara tatu. Mara ya kwanza kwa kazi, ya pili kwa uhakika, ya tatu kwa sababu ya ukurasa wa arobaini.

Ilikuwa ile miaka michache baada ya 2010, ambapo kila mtaa ulikuwa na mtu aliyekwishaondoka na mwingine anayesubiri viza. Wakala alikuja Dar es Salaam kutafuta mafundi wa viyoyozi. Alitupa kiyoyozi kibovu akatuambia tutafute panapovuja. Mimi nilipata sehemu mbili. Ile ya pili yeye mwenyewe hakuijua, akakasirika kidogo, kisha akanichukua kwenda Riyadh. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Kwenye ikama yangu, kile kibali cha kuishi kule, waliandika "fundi wa majokofu", na sikuona uongo hapo, kwa sababu gari la Riyadh ni jokofu lenye magurudumu.

Kafili wetu, yaani tajiri aliyetudhamini, alikuwa na kampuni ndogo iliyokodishwa na watengenezaji wa magari wa Ulaya. Wao walileta magari ambayo hayajaanza kuuzwa, sisi tukayachoma jua tuone kama yatahimili. Ofisi ilikuwa Al-Murabba, na vyumba vyetu vya kulala vilikuwa nyuma ya ofisi, ngazi mbili juu. Karakana ilikuwa nje ya mji. Siku yangu ya kwanza nililikuta gari limefunikwa turubai. Walipolifunua nilicheka, nikajizuia. Lilikuwa dogo, fupi mbele, limebandikwa karatasi za michoro nyeusi na nyeupe mwili mzima ili mtu asilipige picha akajua umbo lake. Wenyewe waliliita kwa namba ya mradi. Sisi tuliliita Biskuti, kwa sababu Bwana Katana alisema lingeweza kuchovywa kwenye chai.

Bwana Katana alikuwa mtu wa Malindi, amezidi miaka hamsini, dereva wetu wa majaribio na mwalimu wangu bila yeye kukubali cheo hicho. Alichukia karatasi. Fomu yoyote aliyopewa aliikunja akaiweka chini ya chupa yake ya maji. Lakini akiingia ndani ya gari aliweza kukwambia, kwa kutembeza tu mgongo wa mkono hewani, mahali ambapo ubaridi unaishia. Siku ile ya kwanza aliniambia niingie nikae. Nikataka kujionyesha mjuzi, nikashika gia. Juu ya gia kulikuwa na pambo la chuma linalong'aa, na gari lilikuwa limekaa juani tangu asubuhi. Kiganja changu kilitoka na duara jekundu.

"Hapo umesaini mkataba," Bwana Katana akasema.

Injinia wetu kutoka Ulaya, Matias, alikiona kiganja akakipiga picha. Nilidhani ananikejeli. Baada ya miezi michache vishikio vya gia vya plastiki vilikuja kwenye sanduku, bila pambo, na barua fupi iliyosema sababu ni "mkono wa fundi". Hapo ndipo nilipoelewa kazi ile ni nini. Nilikuwa nadhani gari huchorwa na watu wenye akili wakamaliza, halafu sisi tunaambiwa kama limefaulu. Kumbe mchoro bado uko mezani, penseli bado iko mkononi mwa mtu, na ukiungua wewe wanafuta.

Matias alikuwa mrefu sana kwa gari lile, mpole, na aliomba radhi kwa kila kitu, hata kwa jua. Tulizungumza naye Kiingereza, kila mtu kwa namna yake. Kazi yake ilikuwa hewa ya ndani: kiyoyozi, feni, na njia zote ambazo hewa hupita mpaka imfikie mtu. Kwenye mchoro wake kulikuwa na kitu kimoja kilichochorwa kwa vidoti badala ya mstari. Ni tundu la hewa la nyuma, dogo, katikati ya viti viwili vya mbele, la kupeleka ubaridi kwa wanaokaa nyuma. Vidoti maana yake haijaamuliwa. Wenzake huko kwao walisema gari hili ni dogo, hewa ya mbele itafika nyuma yenyewe, na tundu ni uzito na kipande kingine cha kutengeneza. Kwao kiti cha nyuma ni cha watoto wawili na begi, safari ya kwenda dukani.

Sisi tuliokuwa tunaishi pale tulijua nani hukaa nyuma. Wakati huo wanawake walikuwa bado hawajaruhusiwa kuendesha. Baba yuko kwenye usukani, madam pembeni yake, na nyuma kuna watoto watatu na dada wa kazi, kutoka Riyadh mpaka Jeddah, siku nzima. Bwana Katana alikuwa na mpwa wake, Kadzo, binti wa dada yake, aliyefanya kazi ya ndani kwa familia moja ya Al-Suwaidi. Hatukuweza kumtembelea, lakini alimtumia mjomba wake ujumbe wa sauti. Bwana Katana aliucheza karakana nzima ikasikia. Kadzo alisema gari la baba ni dogo kama letu, na kwamba wakisafiri yeye hubeba taulo mbichi ndani ya mfuko awapanguse watoto njiani.

"Uncle, mbele wako Limuru," sauti yake ilisema. "Sisi nyuma tuko Garissa. Na madam anauliza mbona mnalalamika, AC si iko?"

Tukamtafsiria Matias, kwamba Limuru watu huvaa makoti na Garissa mbuzi hutafuta kivuli cha nguzo ya simu. Alicheka sana, akairekodi. Kisha akasema hawezi kuipeleka Garissa kwenye kikao. Wanataka namba. Kulikuwa na tarehe ya kufunga mchoro, baada yake kalibu za chuma za kumiminia vipande vya plastiki zingechongwa, na kalibu ikishachongwa hakuna anayeuliza tena juu ya vidoti. Namba zetu za safari moja, Riyadh hadi Jeddah, ndizo zingekata shauri.

Sasa nifike kwenye chombo chetu, maana vijana wengine mliokuja baadaye mmekuta vya kisasa. Tulipima joto kwa waya nyembamba, ncha moja mahali unapotaka kupima, ncha nyingine na plagi ndogo inayoingia kwenye kisanduku cha kurekodi. Biskuti alikuwa na waya ishirini na nne: miguuni, kifuani, kichwani, kila kiti. Kabla ya safari kila waya inachovywa kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu iliyopondwa na maji. Lazima isome sifuri. Isiposoma sifuri, waya inadanganya. Bwana Katana, ambaye hakuamini karatasi, aliamini barafu. Ndilo somo pekee alilonipa akiwa amesimama wima.

Msimamizi wa karakana alikuwa Abu Karim, mtu wa Jeddah, mwenye sauti ya kufika barabarani. Yeye ndiye aliyeshika karatasi ya ukaguzi, na kila kitu kikifanyika anapiga tiki. Kwetu sisi wageni alizungumza kile Kiarabu cha vipande vipande ambacho karakana zote za kule hutumia, na sisi tulimjibu kwa vipande vyetu.

Asubuhi ya kuondoka tulikuwa tumevitoa viti vya nyuma na kuvirudisha. Waya tatu za nyuma ziliwekewa plagi mpya, kwa sababu za zamani zilivunjika. Plagi mpya zilikuwa na rangi tofauti, na kila aina ya waya ina plagi ya rangi yake. Niliiona ile rangi. Naandika hili polepole ili nisilikwepe: niliiona, nikasema nitaiuliza baada ya barafu, kwa sababu barafu itasema. Abu Karim akaniita kutoka upande wa pili, akiwa na karatasi mkononi. Akasema waya za nyuma, barafu. Nikamjibu, "Sawa."

Kwa Kiswahili changu cha Tanga nilimwambia: nimekusikia, nakwenda kufanya.

Kabla sijaifikia chupa, Matias akaniita nimsaidie kubandika karatasi iliyobanduka mlangoni. Nikaenda. Niliporudi nikaiangalia karatasi ya ukaguzi, na kwenye mstari wa barafu, viti vya nyuma, palikuwa na tiki. Chupa ilikuwa karibu na miguu ya Abu Karim. Nikajua amechoka kunisubiri, amefanya mwenyewe. Nilifurahi kweli. Mtu mwenye wasiwasi kama mimi akiona tiki ya mtu mwingine anapumzika mahali ambapo yake mwenyewe isingempumzisha.

Tukaondoka. Siku mbili za njia, na kila mahali palipoandikwa kwenye mpango tuliliacha gari juani mpaka ndani pawe tanuri, kisha Bwana Katana akaliwasha na kuliendesha kwa mwendo uleule huku kisanduku kikirekodi. Viti vya nyuma havikuwa na watu. Vilikuwa na mifuko ya mchanga, ndivyo mpango ulivyosema. Tulipita Taif, tukashuka kona za Al-Hada breki zikinuka, tukazunguka kwa ile barabara ya wasio Waislamu kwa sababu Matias na Bwana Katana hawakuruhusiwa kupita Makka, na alasiri tukaingia Jeddah, kwenye nyumba ya kampuni pale Al-Baghdadiyah, yenye ua wa kutosha magari mawili.

Njia nzima namba za nyuma zilikuwa nzuri. Joto la nyuma lilizidi la mbele kwa kidogo mno. Matias alizitazama kwa muda, akasema labda wenzake walikuwa sahihi, labda Kadzo ana gari bovu. Alisema kwa huzuni, kwa sababu alilipenda tundu lake. Bwana Katana alisimamisha gari, akapeleka mgongo wa mkono nyuma, juu ya mifuko ya mchanga.

"Mkono wangu unakataa," akasema.

Matias akamjibu, kwa heshima, kwamba mkono hauna plagi.

Tulifika Jeddah tukiwa na siku mbili. Kikao cha simu kilikuwa keshokutwa yake saa tisa alasiri, na baada ya hapo mchoro unafungwa. Matias alikwishaandika ukurasa wake: tundu la nyuma, halihitajiki. Asubuhi iliyofuata mimi sikuwa na kazi. Mtu mwingine angekwenda kutazama bahari. Mimi nilikwenda kwa muuza samaki wa mtaa wa pili, nikaomba barafu, nikarudi nayo kwenye ndoo, nikaanza kuchovya waya moja moja bila kutumwa na mtu. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Za nyuma: nne chini ya sifuri. Nne na nusu. Nne.

Nilizichovya tena. Nilibadilisha maji. Nilizichovya mara ya tatu, na wakati huu haikuwa kwa sababu ya ukurasa wa arobaini. Waya zilidanganya kwa kushusha. Nyuma palikuwa na joto kuliko tulivyoandika, siku zote mbili, na tiki ile kwenye karatasi ilikuwa ya kazi yangu mimi.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu. Kisanduku kile kilikuwa na mahali pa kusahihisha. Unaandika namba, na kila kipimo cha waya ile kinaongezeka au kupungua, hata vya siku zilizotangulia. Niliketi kwenye kiti cha mbele, kisanduku mapajani, nikaandika nne. Nilikuwa nimebakiza kubonyeza. Namba zingepanda, Matias angefuta ukurasa wake, tundu lingebaki, Kadzo na wenzake wangepata hewa, na hakuna ambaye angejua kwamba fundi asiyesoma aliipita barafu. Nilijiambia ni jambo jema. Nilijiambia hivyo kwa sauti. Niliogopa kurudishwa nyumbani, watu wa Ngamiani wajue kwamba kilichokosekana kitabuni kimenirudisha.

Bwana Katana alikuja akafungua mlango, akakitazama kisanduku. Hakujua kusoma kile kioo, lakini alijua uso wangu. Nikamwambia yote. Hakukasirika. Aliuliza tu kama nne ile ni nne asubuhi, na adhuhuri, na mlimani. Nikasema sijui, plagi hizo zikipata moto huenda zinadanganya zaidi.

"Basi unataka kuweka uongo wako juu ya uongo wa waya," akasema. "Kijana, huyo mzungu yuko jikoni anakaanga mayai. Nenda kabla hajashiba."

Nilikwenda na chupa ya barafu mkononi, kama mtoto anayepeleka ushahidi wa alichovunja. Nilimwambia Matias kwamba waya tatu za nyuma hazikupimwa kwenye barafu, kwamba zinasoma chini, na kwamba mwenye kosa ni mimi. Alizima jiko. Sikumbuki kama niliongea vizuri. Nakumbuka aliuliza swali moja.

"Nani alikutuma upime leo?"

Nikamwambia hakuna.

Akatoka na mimi uani, akachovya mwenyewe, akaona. Kisha akamwita Abu Karim, ambaye alikuwa amekuja na gari la vifaa, na hapo ndipo ilipoeleweka. Abu Karim alikunja uso. Alisema yeye hapigi tiki ya uongo, kwamba aliniuliza na mimi nikamjibu. Nikasema sikujibu kwamba nimefanya. Akasema nilijibu.

"Ulisema sawwa, ya Idris."

"Nilisema sawa."

"Eeh. Sawwa."

Tulirushiana neno lile mara nne mbele ya injinia, kila mmoja akiwa na hakika, mpaka Bwana Katana akaanza kucheka akashika ukuta. Kwa Kiarabu cha kule sawwa ni "amefanya". Mimi nilisema nimekubali, yeye alisikia imeshafanyika, akapiga tiki kwa nia safi kabisa. Kumbe kwa muda wote niliokaa Riyadh, kila nilipoitikia kazi kwa adabu, Abu Karim alikuwa anashangaa jinsi nilivyo mwepesi. Alikwishamwambia kafili kwamba yule kijana wa Tanga, ukimwambia tu, kazi imeisha.

Matias hakucheka mara moja. Alikaa kwenye ngazi akahesabu saa. Nikampa ile njia ya kuongeza nne, kwa sababu nilitaka aikatae yeye na si mimi peke yangu. Akaikataa. Alisema akienda kikaoni na namba iliyorekebishwa, mtu wa kwanza kuuliza atamwangusha, na tundu litaanguka pamoja naye. Ama tuwe na namba safi kesho kabla ya saa tisa, ama aseme hana namba, na mchoro ufungwe bila tundu.

Mchana huo tulizing'oa plagi zile, tukaweka za rangi inayostahili, na nilichovya waya zote ishirini na nne huku Abu Karim amechuchumaa pembeni yangu na karatasi. Kila waya aliniuliza kwa Kiarabu kama nimefanya, akaniangalia mdomo. Kila waya nilijibu kwa kumwonyesha kioo kwa kidole. Neno lile sikulitamka. Kwangu ilikuwa kazi ya kimya kuliko zote nilizowahi kufanya naye.

Kesho yake tuliliacha gari juani tangu saa mbili asubuhi. Jeddah si kama Riyadh. Riyadh joto linakukausha, Jeddah linakuvalisha nguo iliyolowa. Ilipofika saa sita, Matias akasema mifuko ya mchanga itoke. Kama nyuma wanakaa watu, apime watu. Mpango haukusema hivyo na alijua. Kompyuta tukaifunga mkanda kwenye kiti cha mbele, penye ubaridi, pamoja na kisanduku. Nyuma akaingia Abu Karim dirisha moja, mimi dirisha la pili, na Matias katikati, magoti yake karibu na masikio. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa pale. Alikuwa amechora kiti kile kwa miaka miwili.

Bwana Katana akaendesha, barabara ya pwani kwanza, kisha barabara kuu. Alivaa miwani ya jua, akapiga mluzi. Baada ya dakika kumi akatuuliza kama tumefika Garissa. Abu Karim alifungua kifungo cha juu, kisha cha pili, akaniambia kwamba kwao mke wake hukaa hapa, na mara zote amemwambia anazidisha. Matias hakuitazama kompyuta. Aliinua kiganja akakiweka kati ya viti vya mbele, pale penye vidoti, akakiacha hapo kama mtu anayengoja kitu kipite. Jasho lilimtoka kwenye kidevu likadondokea suruali. Baada ya nusu saa alisema neno moja la lugha yake. Sikuuliza maana yake, halikuwa la kutafsiriwa.

Tuliporudi uani nilikichomoa kisanduku nikakipeleka kwake bila kukisoma. Mbele, nyuzi ishirini na nne. Nyuma, kichwani, thelathini na tatu. Alizisoma namba zote mpaka chini, kisha akaniuliza za barafu ya jana, nikampa. Sifuri zote.

Saa tisa alikaa kwenye chumba cha mbele na simu mezani. Sisi watatu tulikuwa mlangoni tukijifanya tunapanga vifaa. Hatukuelewa lugha, lakini tulimsikia akizisoma namba, na baada yake wenzake wakazungumza kwa muda mrefu. Kisha akasema kitu kifupi, huku akivuta shati lake lililogandamana mgongoni. Alipokata simu alituambia wamempa wiki mbili. Mchoro haujafungwa. Nilimuuliza aliwaambia nini pale mwishoni. Akasema aliwaambia kwamba amekaa pale.

Aliandika ripoti ya kosa, kama ilivyo lazima. Aliniita niisome kabla ya kuituma. Palikuwa na mstari wa chanzo cha kosa, na jina langu. Nilijiandaa kwa hilo na bado lilinichoma. Chini yake palikuwa na mstari wa aliyegundua kosa, na jina langu tena, mwandiko uleule, wino uleule. Nilimwuliza kama kuna haja ya yote mawili. Alisema akifuta moja ripoti haitakuwa ya kweli, nichague nibaki na yote au nisibaki na lolote. Nikasaini. Abu Karim akadai na yeye asaini, kwa ajili ya upande wake wa neno. Kafili alipoisoma aliniita ofisini Al-Murabba, akaniuliza kama nitaendelea kusema sawa. Nikasema nitajitahidi niseme kidogo. Akanirudisha kazini.

Wadogo zangu, mnaniuliza namna ya kufanya kazi vizuri kana kwamba mimi nilifika mahali nikatulia. Sikutulia. Bado nachovya mara tatu, na sasa wateja wa mafriji wananiona mchelewaji. Lakini wasiwasi wangu ulinipeleka kwa muuza samaki asubuhi ile, na nikajifunza kuuacha unipeleke kwenye barafu, nisiuache unipeleke kwenye kile kisanduku cha kusahihisha. Zaidi ya hapo sina ninalojua ambalo nyinyi hamlijui.

Wiki ya tatu karatasi kubwa ilifika Riyadh imekunjwa mara nane. Tuliifungua juu ya boneti ya Biskuti, tukaishika pembe nne ili feni isiipeperushe: mimi, Bwana Katana, Abu Karim, na kopo la mafuta. Tundu la nyuma lilikuwa mahali pake, na vidoti vilikuwa vimekuwa mstari. Kwenye kona ya chini kila mchoro una kisanduku kidogo cha kueleza mabadiliko, na kwa kawaida hujazwa namba za vipimo na herufi ambazo hakuna anayezisoma. Hapo kwenye sababu Matias alikuwa ameandika kwa mkono, kwa Kiingereza chepesi, na Bwana Katana, ambaye hakupenda karatasi, aliniambia nimsomee kwa Kiswahili.

"Sababu ya mabadiliko," nikasoma. "Nyuma kuna watu."